Sakafu ya Madirisha Tisa

Fundi wa sakafu ambaye wenzake walimwita Pimamaji hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepiga magoti katika zahanati, benki, madarasa na sebule za watu, akitandaza vigae na kuvigongagonga kwa nyundo ya mpira. Jina lake lilitokana na kile kifaa chenye kichupa cha maji cha kupimia usawa, ambacho hakikumtoka mkononi. Mafundi wenzake walisema hata mkewe alimpima kwanza kama kasimama wima, ndipo akapeleka posa.

Nyumbani aliishi na huyo mke, pamoja na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na minane aliyejaliwa magoti mabovu na ulimi mzima. Ujanani mama alihudumia meza kwa miaka ishirini na miwili katika hoteli ya chakula iliyoitwa Madirisha Tisa, hadi ilipofungwa, mwanawe akiwa na umri wa miaka sita. Hoteli ilifungwa huko mjini, lakini nyumbani kwa Pimamaji haikufungwa hata siku moja. Chai ikiletwa vuguvugu, mama angesema kwamba Madirisha Tisa chai hiyo isingevuka mlango wa jikoni. Mtu akilalamika kuchoka, angeambiwa habari za watu mia tatu waliolishwa mchana mmoja na wahudumu wanne, na za mpishi aliyepasua mayai mawili kwa mkono mmoja huku akigombana na muuza mkaa.

"Leo mama kamwaga kopo zima la chumvi," mke angenong'ona wakiwa jikoni, na Pimamaji angecheka kimyakimya. Aliipenda hadithi, ila hakuiamini zaidi ya nusu. Kwanza, hakujua hoteli yenyewe ilikuwa wapi. Mtaa ulikuwa umebadilishwa jina mara mbili, mnara wa saa uliokuwa alama ya njia ulivunjwa, na sinema ya jirani ikageuka maegesho ya magari. Yeye mwenyewe alikumbuka harufu ya mkate uliochomwa na miguu ya watu ikipita usawa wa macho yake. Hakuwa na zaidi ya hayo.

Basi mwaka huo akapata kazi katikati ya mji, kwenye jengo la kona lililofunikwa vioo kuanzia juu hadi chini. Zamani kidogo lilikuwa duka la simu, kabla yake duka la makochi; sasa mpangaji mpya alitaka vigae vikubwa vyeupe. Maelekezo yalikuwa mafupi: ng'oa vigae vya zamani, vunja sakafu iliyo chini, mwaga zege jipya. Msimamizi wa kazi alikuwa mwanamke kijana mwenye kofia ya njano. Kila akiingia aliangalia saa kabla hajasalimia.

Siku ya pili vigae vyote vikawa nje. Chini yake palikuwa na gundi nyeusi, na gundi ilipokwanguliwa ikatokea sakafu ya saruji nyekundu, ya zile zilizosuguliwa kwa nta mpaka mtu anajiona. Wekundu ulikuwa umefifia, lakini haukuwa na ufa hata mmoja. Pimamaji aliipapasa kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa heshima. Yeyote aliyeimwaga alikuwa fundi kwelikweli.

Kabla ya kushika tindo alitaka kujua imeinamia wapi, maana maji hayajui kusema uongo. Akachukua ndoo, akaimwaga karibu na ukuta wa nyuma.

Maji hayakusambaa. Yalisita kidogo, halafu yakajipanga. Yakashika njia moja pana kama mtu na sinia lake, yakatoka ukutani kuja katikati ya chumba. Pale katikati yakagawanyika: mkono mmoja ukaenda kushoto, mwingine kulia, mwingine ukanyooka mbele, na kila mkono ukatoa vijinjia vyembamba, na kila kijinjia kikaishia kwenye duara dogo la maji lililotulia likimeremeta. Chumba kizima kikachorwa mbele ya macho yake, taratibu, bila mkono wa mtu.

Mpaka rangi, kijana aliyekuwa juu ya ngazi, aliiacha brashi yake ikidondosha. "Fundi, huu ni ugonjwa gani wa sakafu?"

Pimamaji aliinama, akatia vidole vinne kwenye ile njia pana. Ilikuwa imelika kiasi cha unene wa kidole, laini kama sabuni iliyotumika. "Si ugonjwa," alisema hatimaye. "Hii ni miguu."

"Miguu ya nini? Ya tembo?"

"Ya watu. Watu waliopita hapahapa, kila siku, miaka na miaka."

Nyuma kabisa, mbele ya ukuta, palikuwa na vijibonde viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, kila kimoja na ukubwa wa unyayo. Mtu alisimama hapo mpaka saruji ikamkubalia. Cha kulia kilikuwa na kina karibu mara mbili ya cha kushoto. Pimamaji alipima, akapima tena, asielewe sababu.

Ndipo alipoinua macho kwenye ukuta wa upande wa barabarani. Asubuhi hiyo wenzake walikuwa wamebandua mbao za jasi, na tofali zilikuwa wazi. Tofali za zamani zilikuwa nyekundu. Kila baada ya hatua mbili palikuwa na kipande kirefu kilichozibwa kwa tofali za kijivu. Akahesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili.

Tisa.

Alikaa chini palepale kwenye maji, suruali ikalowa, wala hakujali.

Msimamizi alipokuja jioni, Pimamaji alimfuata akiwa ameivua kofia. "Dada, nakuomba asubuhi moja tu. Tindo lianze kesho saa sita, siyo saa mbili."

"Kuna nini, mzee? Mashine imeharibika?"

"Hapana. Nataka mama yangu aje aione sakafu."

Dada yule alimtazama kana kwamba ameomba kuleta ng'ombe. Akaangalia saa. Akaiangalia sakafu, ambayo bado ilikuwa na unyevu, njia zake zikionekana wazi. "Mpaka saa sita," alisema. "Na avae kofia."

Kesho yake mama alishushwa na teksi akiwa amevaa kitenge chake cha harusini na kofia ya ujenzi ikimcheza kichwani. Aliposhikwa mkono kuingizwa ndani, alisimama mlangoni na kugoma.

"Mwanangu, umenipoteza. Hapa siyo."

"Tazama vizuri, mama."

"Nimetazama. Mlango wetu ulikuwa kona ile. Na dari yetu ilikuwa juu, siyo hii ya kukaribia kunivua kofia. Madirisha yako wapi? Pale kwetu mchana ulikuwa haulali. Hapa ni ghala."

Pimamaji hakubishana. Alimimina maji, ndoo nzima, polepole. Mama akatazama yakisita, yakijipanga, yakigawanyika. Aliinama kwa shida, akavua kiatu cha kwanza, akavua na cha pili, akampa mwanawe avishike. Halafu akatia mguu mtupu kwenye ile njia pana.

Hapo watu wote mle ndani waliacha walichokuwa wakifanya.

Kwa maana yule bibi, ambaye kutoka kitandani hadi jikoni alihitaji ukuta na dua, alianza kutembea. Si mbio, lakini bila fimbo na bila kushikwa, bega la kushoto likiwa limeinuka kidogo kama lililobeba kitu. Alipofika katikati alikata kushoto, akapindisha nyonga kukwepa meza isiyokuwepo, akakwepa na kiti, akasimama kwenye duara la maji. "Meza ya nne," alisema. "Wapiga chapa wa gazeti. Wino mpaka masikioni. Mkate walioushika ulikuwa na habari za kesho." Akageuka. "Meza ya sita. Mzee wa kutia ufunguo saa ya mnara. Kila Jumatatu alikunywa chai akipanda na chai akishuka, na siku aliyoumwa mji mzima ulichelewa kazini."

"Kweli, bibi?" aliuliza mpaka rangi.

"Niliwahi kukuongopea?" mama alimjibu, na huyo kijana, ambaye hakuwahi kumwona kabla ya dakika ile, akaomba radhi.

Alipofika kwenye vile vijibonde viwili vya nyuma alivizunguka, hakuvikanyaga. "Hapa ni kwa mpishi wetu. Mungu amrehemu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, alizaliwa nao. Uzito wote aliutupa kulia."

Jana Pimamaji alikuwa amekipima kile kibonde kwa kipimo cha chuma na kuandika namba zake kwenye kipande cha mbao. Leo namba ziligeuka mtu aliyesimama, aliyechechemea, aliyepasua mayai mawili kwa mkono mmoja. Miaka yote ile alikuwa amecheka jikoni na mkewe. Mama hakutia hata punje ya chumvi. Kama ni kosa, alikuwa amepunguza.

Mpaka rangi alishuka ngazi, akaenda kugonga tofali za kijivu. "Na hili dirisha, bibi, lilitazama nini?"

"Hilo la kwanza? Mnara wa saa."

"Na hili?"

"Chemchemi ya maji, na samaki wa shaba aliyetema maji kwa upande, maana walilifunga bomba vibaya na hakuna aliyerekebisha."

Fundi wa umeme naye akasogea, na wabeba mchanga wawili. Wakawa wanagonga ukuta na mama anajibu, na kwa kila jibu tofali zilionekana kupungua unene: kinyozi aliyekuwa na kioo kikubwa kuliko duka lake, ngazi za maktaba na wanafunzi waliokaa juu yake kama ndege, mti wa zambarau uliochafua mashati ya wakubwa. Msimamizi aliingia katikati ya hayo. Hakuangalia saa. Alisimama kwenye mlango mpya, kisha akauliza, "Shikamoo, bibi. Na lile la tano?"

"Marahaba, binti yangu." Mama alilitazama lile dirisha. "La tano ni sinema. Mabango yake yalichorwa kwa mkono, makubwa kama nyumba. Mchoraji alikuwa juu ya ngazi wiki nzima akichora jicho moja la mwigizaji, kumbe muda wote yuko dirishani kwetu anatazama ndani. Siku aliyoshuka, meza zote zilikuwa wazi, akaenda kukaa ile ya pembeni kabisa." Akanyoosha kidole kwenye kijinjia kimoja chembamba, kirefu kuliko vyote, kilichofika hadi pembe ya mwisho. "Nikamwambia, baba, huku chai inafika imepoa. Akasema, sitaki chai ya moto, nataka nikuone ukitembea."

Wabeba mchanga walipiga makofi. Pimamaji hakupiga. Baba yake, mchoraji huyo wa mabango, alikufa yeye akiwa mchanga, na katika hadithi zote za Madirisha Tisa hili halikuwahi kusemwa. Aliufuata ule mstari wa maji kwa macho, kuanzia jikoni hadi pembeni, hatua kumi na tisa. Akaona kwamba yeye mwenyewe, na mikono yake yenye sugu, na watoto wake watatu waliokuwa shuleni saa ile, walitokea mwisho wa njia hiyo. Alisimama na viatu vya mama mkononi kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Saa sita ilifika, ikapita. Ndipo alipomgeukia msimamizi. "Dada, sakafu hii ni imara kuliko zege nitakalomwaga. Kuivunja ni kazi ya siku tatu na malori mawili ya kifusi. Niruhusu nitandike nailoni nene juu yake, nimwage saruji ya vidole viwili, nisawazishe, nibandike vigae vyako. Mlango nitaukata kidogo chini. Hakuna mteja atakayejua."

"Na hii ya chini?"

"Itabaki ilivyo."

Msimamizi alifikiri. "Nitaandika kwamba sakafu ya zamani imekaguliwa na ni nzima."

"Na si uongo."

"Bibi, wewe unasemaje?" aliuliza.

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anahema, magoti yamemkumbuka. "Mimi niseme nini? Funikeni. Sisi wenyewe tuliikuta imefunika kitu. Sakafu haiwekwi kabatini, ni ya kukanyagwa."

Kazi ikafanyika hivyo, na duka likafunguliwa mwisho wa mwezi kwa taa nyingi na muziki. Lakini siku ile aliyoiona sakafu, mama alikataa teksi ya kurudi. Alitaka kutembea walau mpaka kona. Wakaenda mkono kwa mkono, naye akionyesha kwa kidevu: pale chini ya benki palikuwa na bwawa la kuogelea la shule, hapa kwenye maegesho ndipo palipokuwa na safu ya mbele ya sinema, hapo penye mashine ya tiketi alisimama mtu aliyeuza maua mpaka akafa, na maua yake yakaendelea kuletwa wiki nzima.

Pimamaji alitazama lami. Miaka ishirini na sita alikuwa akizifunika sakafu za mji huu, moja baada ya nyingine, na hakuwahi kujiuliza anamfunika nani. Mji wote ulikuwa chini pale, umekaa mezani, unasubiri chai. Akajikuta anakanyaga taratibu, kama anayepita chumba alimolala mtoto.

"Mbona unatembea kama umevaa viatu vya kuazima?" mama alimkemea. "Changamka, baba. Mkeo atakula peke yake."