Maneno Mazito ya Daftari la Binti Yangu

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto aliyekupita kusoma na wewe unamtegemea kwa barua zako, nakuomba unisikilize. Mimi niliishia shule ya msingi, na Kiingereza changu ni cha salamu tu. Hilo silionei haya. Ninaloonea haya ni jingine.

Nafua mashuka ya hospitali, mwaka wa kumi na nane huu. Tuko wanawake sita na mashine nne, moja mbovu. Msimamizi wetu tulimbandika jina la Bibi Ratiba, maana karatasi ya zamu haimtoki kwapani. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa mwiba wetu. Aliibadilisha anavyotaka. Jioni unaondoka umeandikiwa mapumziko, asubuhi simu inalia: "Uko wapi wewe? Mashine zinakuulizia!" Mara ya tatu ilikuwa siku ya kumpeleka mama yangu kliniki ya macho, miadi tuliyoingojea miezi minne. Sikumpeleka. Alikaa kitandani amevaa viatu tangu alfajiri hadi niliporudi.

Bibi Ratiba nilimwambia ana kwa ana. "Bibi, tujulishe mapema basi."

"Shoga yangu, na mimi natumwa," akacheka. "Miaka yote hii hujanizoea?"

Nilipofika ofisini wakaniambia lalamiko lolote lije kwa maandishi, na maandishi ya pale ni Kiingereza. Nikamrudia binti yangu wa kidato cha tatu, anayeongoza darasa kwa lugha hiyo.

"Niandikie," nikamwambia. "Sema zamu zinabadilishwa bila taarifa, tunaomba tuwe tunaambiwa siku mbili kabla. Basi, hakuna zaidi."

Akaleta daftari lake. Kulikuwa na ukurasa mzima wa maneno ya kulaumu na kukemea kwa Kiingereza cha ofisini, kayapanga kama ngazi, mepesi chini, mazito juu. Akanieleza kwamba mwalimu wao hutoa alama kwa uzito. Ukisema jambo halikukupendeza, unapata alama moja. Ukipanda hadi juu kabisa, tano.

"Mama, tukiweka la alama moja watakuona huna hoja."

"Msomi ni wewe," nikamjibu, huku nikikunja nguo.

Alipomaliza akanisomea kwa sauti. Sikuambulia neno, lakini jamani, iliteleza hiyo barua! Nilijiona na mimi leo nimepata mtu wa kunisemea. Nikatia sahihi kwa kalamu yake. Sikumuuliza hata neno moja maana yake nini. Kosa langu liko hapo, usilitafute kwingine. Kalamu ilikuwa ya mtoto, mkono ulikuwa wangu.

Siku ya nne tangu niipeleke ofisini, Bibi Ratiba hakuonekana kazini. Siku ya tano nikaitwa kwa mkuu wa utumishi. Barua yangu ilikuwa mezani, imepigwa mistari ya wino mwekundu.

"Mama, haya uliyoandika si madogo. Ushahidi unao?"

"Ushahidi wa zamu?"

"Wa uzembe wa makusudi. Wa kuwanyanyasa wafanyakazi." Akateremsha kidole. "Na hapa unasema mnalaani mwenendo wake, na kwamba hastahili kushika nafasi yoyote katika hospitali hii."

Nikaikodolea ile mistari myekundu. "Mimi nilisema tuambiwe siku mbili kabla."

"Hilo nalo lipo," akasema. "Mstari wa mwisho. Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi tumemsimamisha kazi. Kikao Ijumaa, na huenda asirudi."

Bibi Ratiba alibakiza miezi minane astaafu. Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kukunja shuka watu wawili, kila mmoja na ncha zake, mkutane katikati. Nilipojifungua huyohuyo binti yangu, alinishikia zamu wiki mbili bila kunikumbusha hata siku moja. Na mimi nimemwandikia kwamba hafai.

Nilifika nyumbani sina hata nguvu ya kugomba.

"Kwani ni uongo, mama?" binti akasema. "Siku ya kliniki si ulilia?"

"Nililia. Niambie, doa la chai tunalitoaje?"

"Maji ya vuguvugu na sabuni."

"Nikilimwagia ile dawa kali ya madoa ya damu?"

"Litatoka."

"Na shuka?"

Akalivuta daftari lake. Mashuka yaliyotoboka anayajua, tunayakata matambara ya jikoni.

Tukaanza upya. Nikisema, anaandika, kisha ananirudishia kwa Kiswahili kabla hatujaendelea.

"Hilo la alama ngapi?"

"Mbili."

"Shuka chini kidogo."

Ikaisha mistari sita. Akaitazama kama mtu aliyepakuliwa sahani tupu. "Hii mwalimu angenipa sifuri."

"Mwalimu wako hafui mashuka."

Ijumaa niliipeleka mwenyewe kikaoni, nikasimama mbele ya Bibi Ratiba nikasema kwa mdomo wangu kwamba kosa lake ni zamu tu, hayo mengine sikuyasema wala siyajui. Wakaniuliza, basi ulisingizia? Nikasema nilitia sahihi nisichokijua, nihesabiwe hilo. Bibi Ratiba alikuwa ameshika mkoba wake magotini. Hakuinua macho.

Jumatatu akarudishwa. Barua ya kwanza haikuchanwa. Ofisi haichani karatasi, inaongeza nyingine juu yake. Zote mbili zimo kwenye faili lake. Na mimi nikapewa yangu ya onyo, Kiingereza kitupu. Binti akanisomea neno kwa neno, taratibu, nami sikumkatisha.

"Hili la alama tatu, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Soma."

Siku hizi zamu zinabandikwa ukutani siku mbili kabla, na mama amekwenda kliniki. Nilichoomba nimekipata. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto akikuandikia, mwambie kwanza akupe kila neno kwa lugha yako, ulipime, ndipo ushike kalamu.

Bibi Ratiba haniiti shoga tena. Ananiita "mama fulani," kama watu waliokutana kwenye foleni. Jana mwenzangu hakuja, shuka kubwa likanishinda peke yangu. Bibi Ratiba akaja bila kuitwa, akashika ncha zake. Tukalivuta, tukalikunja, tukakutana katikati. Akaniwekea ncha mkononi, akarudi nyuma kuchukua lingine.