Swali la Saba

Mama Nukta alianza kuogopa siku ya tatu ya kusahihisha mitihani ya taifa. Jina hilo alipewa na walimu wenzake, kwa kuwa hakuwa na msamaha kwa mwanafunzi aliyesahau nukta mwisho wa sentensi, na mwenyewe alilipenda. Alikuwa amefundisha historia miaka kumi na saba. Kwao ni Bondeni, kule mto unakotanuka na kuingia mashambani. Kwa mumewe ni Milimani, kwenye mji mkuu na viwanda, na ndiko walikoishi. Hakuwahi kuona kama hilo ni jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Walikuwa walimu arobaini ndani ya bwalo la shule ya bweni, wanafunzi wamekwenda likizo, meza bado zinanuka sabuni na mafuta ya kupikia. Meza yao iliongozwa na Miwani, mwalimu wa Milimani, mtu mpole aliyekuwa akisukuma miwani puani hata siku aliyoisahau nyumbani. Alimwita Mama Nukta shemeji, maana mumewe ni mtu wa kwao. Kazi ya Miwani ilikuwa kupitia kila karatasi iliyosahihishwa na kuitia sahihi.

Swali la saba liliwataka watahiniwa waeleze sababu nne za kujengwa kwa bwawa kubwa la taifa. Mwongozo ulitaka umeme, viwanda, kuzuia mafuriko na ajira. Karatasi za Milimani zilikuwa nayo hayo yote, lakini nyingi ziliongeza la tano ambalo halimo katika kitabu chochote: kwamba watu wa Bondeni ni wavivu na maji wanayoachiwa yanapotea bure. Shule mbalimbali, miandiko mbalimbali, maneno yale yale, kama watoto waliolishwa kwa kijiko kimoja.

Kisha akafungua bahasha za Bondeni. Binti mmoja, kwa mwandiko safi, aliandika: "Sababu ya kwanza ni kutukausha. Ya pili ni kutuhamisha. Ya tatu ni kwamba hatuna mkubwa hata mmoja serikalini. Ya nne siijui, lakini kaka yangu anasema bwawa likivunjwa hatutahitaji kuijua."

Hadi saa sita alikuwa amekuta karatasi kumi na tisa za namna hiyo. Watoto hawa hawakuwahi kuonana, na tayari kila upande ulikuwa umeshamjua adui yake. Alitaka kumwonyesha Miwani, akasita. Ilikuwa mara ya kwanza kukumbuka kwamba Miwani ni mtu wa Milimani, na kule kukumbuka kwenyewe kukamtisha zaidi.

Baada ya chakula mkuu wa kituo aliingia na wanaume wawili waliovaa mashati yaliyonyooshwa vizuri mno, mikono yao haina hata doa la wino. Akatangaza kwamba karatasi yoyote ya Bondeni yenye uchochezi isipewe alama. Iwekwe kando, na namba ya mtahiniwa iandikwe kwenye orodha. Mwalimu mmoja akauliza, na za Milimani zenye matusi, nazo je? Mkuu akasema hakulielewa swali. Kesho yake kiti cha mwalimu yule kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi.

Mama Nukta hakuandika orodha. Alizipa karatasi zile alama chache alizoona zinastahili, akazichomeka katikati ya fungu, akalisukuma kwa Miwani. Akakaa kumtazama akisoma. Miwani alisoma polepole mpaka mwisho, kisha akainama karibu yake.

"Umezisoma zote, shemeji?"

"Zote."

"Basi na mimi nimezisoma." Akaanza kutia sahihi, moja baada ya nyingine. "Hawa ni watoto. Tukitoa orodha ya watoto, tutakuwa tumeianza vita sisi."

Matokeo yalitoka baada ya wiki sita. Mtihani wa historia wa Bondeni ulikuwa umefutwa wote, na bila historia hakuna chuo. Vijana wakaingia barabarani, kisha wakaenda bwawani. Walinzi wakafyatua risasi. Redio ya Milimani ikasema waliokufa ni wavamizi. Ya Bondeni ikasoma majina yao na shule zao. Ndani ya wiki hiyo wakubwa wa Bondeni wakatangaza kwamba hawapokei tena amri kutoka mji mkuu, na askari wazaliwa wa kule wakatoka kambini na bunduki zao.

Wale wanaume wawili walikuja nyumbani kwa Mama Nukta asubuhi, mumewe akiwa kazini. Walikuwa na adabu. Walimwita mama, wakakataa chai, wakazipanga karatasi kumi na tisa mezani. Mmoja alikuwa na daftari, na juu ya ukurasa alikuwa ameandika mahali alipozaliwa Mama Nukta. Katika chumba cha ndani mama mkwe wake alikuwa akikohoa. Wakauliza ni nani aliyezipitisha hizi.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifanyia mazoezi siku nyingi, jikoni, peke yake: ni mimi. Lakini mdomo ulifunguka ukasema mengine.

"Mimi nilisahihisha tu. Aliyezipitisha ni kiongozi wa meza. Sahihi ni yake."

Wakamshukuru. Miwani alichukuliwa mchana ule ule, mbele ya darasa lake.

Siku ya nne Mama Nukta alijikaza akaenda kwa mke wa Miwani. Mama yule alimkalisha, akamletea maji, akamwambia kwamba kati ya walimu wote arobaini ni yeye tu aliyekanyaga pale.

"Alikuwa akikutaja sana," akasema. "Alisema una moyo. Hebu niambie, dada, mume wangu alikosa nini?"

Nje malori ya jeshi yalianza kupita yakiteremka kuelekea Bondeni, kwa mama yake na wadogo zake, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Yalikuwa mengi. Wakangoja wote wawili. Yalipokwisha, mwenye nyumba alikuwa bado anamtazama.

"Sijui, dada," akasema Mama Nukta, akayanywa maji yote bila kupumua.