Njumu za Marehemu Billow

Kila asubuhi saa mbili na nusu mimi humkanda Mzee Bethuel goti la kulia, naye hunisimulia jinsi alivyoichezea Kenya raga miaka ya sabini. Tukifika kwenye trai, lile bao alilofunga, vidole vyangu huwa vimefika nyuma ya goti. Hapo hufumba macho na kusema, "Marehemu Billow angekuwepo angekwambia." Nami hufumba yangu. Tukishamkumbuka marehemu, namvalisha soksi na kwenda kwa mzee mwingine.

Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Great Barr, ughaibuni: kuwahudumia wazee majumbani mwao. Huwa naona haya kusema mbele za watu, lakini machozi yangu yako karibu. Kwa hiyo mwezi uliopita niliandika kwenye orodha ya maombi ya kanisa letu kule Ladywood: "Marehemu Billow, mchezaji raga wa Kenya. Apumzike." Mtu akaisambaza kwenye WhatsApp.

Jumanne tulikuwa bado tumefumba macho kengele ya mlango ilipolia. Nilifungua na dawa ya kuchua mikononi. Alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya sufu na mkongojo.

"Bethuel yupo?"

"Yupo, baba. Nimwambie nani?"

"Mwambie ni marehemu."

Akanipita, akaketi mbele ya Mzee Bethuel, ambaye suruali yake ilikuwa imekunjwa hadi pajani.

"Nimetoka Shard End, mabasi mawili," Billow akasema. "Mwanangu ameonyeshwa kwenye simu kwamba nimeombewa kanisani. Mimi, Mwislamu wa Garissa. Nimekuja kuuliza niliugua nini."

Mzee Bethuel alinitazama mimi.

"Ini," nikasema. "Mzee aliniambia ni ini."

"Ini. Na mazishi?"

"Watu walijaa," Mzee Bethuel akasema kwa sauti ndogo.

"Angalau." Billow akanigeukia. "Binti, amekusimulia habari za njumu?"

Hakuwa amenisimulia.

"Siku hizo hatukulipwa kitu. Kila mtu na viatu vyake. Asubuhi ya mechi njumu za huyu zikapasuka. Mimi nilikuwa wa akiba, miguu yetu ni saizi moja, nikampa zangu. Nikakaa benchi na soksi, kungoja mtu aumie niingie."

"Hakuna aliyeumia," Mzee Bethuel akasema upesi.

"Hakuna. Akafunga trai, nikapanda juu ya benchi kushangilia. Na sikuitwa tena timu ya taifa." Akanyoosha mkongojo kuelekea goti. "Hilo liliumia lini?"

"Ngazi," nikajibu, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. "Alianguka akipaka rangi."

Mzee Bethuel alilifunika goti kwa taulo. Nikaenda kuleta chai. Billow akanywa yake yote, akaweka kikombe chini, akasimama.

"Basi langu linapita saa tatu na robo," akasema. "Usinizike tena bila kunialika."

Alipofika mlangoni nilimwona Mzee Bethuel akijaribu kuinuka, taulo likaanguka, akashika bega langu.

"Billow."

Yule mzee hakugeuka, lakini alisimama.

"Niliumia dakika ya ishirini na tano, mara tu baada ya trai. Nilisikia goti likichanika. Nilinyamaza kwa sababu kama ningesema, ningetoka, nikakurudishia njumu, ukaingia wewe."