Shati Kabla ya Kukunjwa

Kwa wiki tatu Kalamu, mwandishi wa matangazo, alikuwa ameisifu sabuni ya mteja kwa weupe wa kila namna, na hakuna sentensi iliyomkaa moyoni. Alipomwona Dada Takwimu, mpanga mikakati wa ofisi, akiingia, alijisemea: haya, tumekwisha, grafu zake hizo zinakuja!

Lakini Dada Takwimu alikuwa ameshika karatasi moja tu.

"Nimekaa na akina mama kumi na wawili wakianua nguo," alisema. "Kila mmoja, kabla ya kukunja shati la mwanawe, alilinusa. Nilipowauliza, wote walikana."

Mwili ulimsisimka Kalamu. Miaka yote hiyo ya kujigamba kwamba anawajua watu, kumbe mtu wa hesabu ndiye mwenye macho!

"Chora mama na shati puani," alimwambia mchoraji aliyeketi meza ya pili.

"Na maneno yako?"

"Nikiongeza neno nitaharibu."

Jioni alimkuta mkewe uani, akianua nguo.

"Hivi wewe huwa unanusa nguo za mtoto?"

"Mimi? Nina wazimu?" mkewe alicheka. Shati dogo la buluu bado lilikuwa puani mwake.