Daftari la Neno Moja

Jenoveva hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Miaka arobaini na minne ya ndoa, watoto watano, na jina la yule mzee halijapita mdomoni mwake hata mara moja. Ndivyo alivyolelewa kijijini kwao Malindi, ya milimani, si ile ya pwani: mwanamke mwenye adabu hamtaji mumewe. Mbele ya wageni alimwita Baba Esteria, kwa binti yao wa kwanza. Wakiwa wawili alimwita Mwalimu, kama Soni nzima ilivyomwita, maana nusu ya mji huo alishaichapa viboko kwa ajili ya Kiingereza.

Na hicho Kiingereza chenyewe, jamani! Mwaka mmoja mkaguzi aliingia darasani, akamuuliza mbele ya wanafunzi neno “keep” lina maana ngapi. Mwalimu akajibu tano. Mkaguzi akacheka, akaenda zake. Mtu mwingine angenuna siku mbili akasahau. Yeye alinunua daftari kubwa akaanza kuzisaka hizo maana, akazisaka miaka thelathini na mitatu. Kuweka kitu. Kufuga kuku. Kushika ahadi. Kutunza siri. Kumkawiza mtu. Kuendelea na jambo ulilokwisha kulichoka. Chini ya kila maana aliandika mifano, na pembeni akapanga maneno mengine ya Kiingereza yaliyo ndugu zake, na wapi kila ndugu anapotofautiana na mwenzake.

“Leo nimepata ya sitini na mbili,” Mwalimu alimwambia Jenoveva siku moja jikoni, mkewe akikaanga maandazi ya kuuza.

“Neno moja maana sitini? Hao Wazungu wana umaskini wa maneno, Mwalimu.”

“Si umaskini. Tazama hiyo kanga yako. Unabebea mtoto, unafunikia chakula, unafutia machozi. Kanga si ni ile ile?”

“Na sufuria naiepulia hiyo hiyo. Haya, andika.”

Walicheka mpaka mafuta yakaunguza maandazi.

Mwaka juzi akili ya Mwalimu ilianza kuondoka. Kwanza alipoteza funguo, kisha njia ya kanisani, kisha wajukuu. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko saa zote. Aliamka, akamtazama mkewe na kumwuliza anamtafuta nani. Daktari wa Bumbuli hakumficha Jenoveva: kilichokwenda hakirudi. Akauliza mzee anapenda nini. Daftari lake, alijibu Jenoveva. Basi alisome kila asubuhi kwa sauti, akasema daktari, haliwezi kumdhuru. Na kweli lilimsaidia. Kurasa mbili, tatu, sauti inakaza, mgongo unanyooka, halafu anainua macho: “Jenoveva, chai iko wapi?” Kwa swali hilo moja Jenoveva aliishi siku nzima. Yote yalikuwa ya Kiingereza, hakujua hata neno moja la yale yaliyosomwa, lakini alilipenda lile daftari kuliko mwenyewe alivyolipenda.

Sasa, maandazi hufungwa kwa karatasi, na karatasi za Jenoveva tangu ujana wake zilikuwa madaftari ya wanafunzi yaliyokwisha kazi. Mwalimu aliyaleta kila mwisho wa mwaka akayatia kwenye boksi ukumbini, na sheria ilikuwa moja: lenye wino mwekundu limeshasahihishwa, chukua, lisilo na wino mwekundu, usiguse. Baada ya kustaafu, walimu wenzake waliendelea kumletea. Kwa mwanamke asiyejua Kiingereza, sheria hiyo ilitosha.

Jumanne ile, siku ya gulio, Jenoveva aliondoka alfajiri ukungu ukiwa umejaa mpaka mlangoni. Alimwacha mzee amelala, jirani akimchungulia. Akainama kwenye boksi, akachukua daftari la juu, halina jalada, akalifunua kwa mwanga wa kibatari, akitazama rangi tu. Wino mwekundu. Akalitia kikapuni akashuka sokoni. Kufika saa tatu alikuwa amechana zaidi ya nusu.

Salma, muuza kabichi wa meza ya jirani, aliyewahi kufundishwa na Mwalimu, ndiye aliyekunjua karatasi yake akaacha kutafuna.

“Mama Esteria, shikamoo tena. Huu mwandiko naujua. Huu si wa mwanafunzi, ni wa Mwalimu mwenyewe.”

Jenoveva alilitazama lile daftari magotini. Jalada la lile la Mwalimu lilishang'oka mwaka jana. Mungu wangu, alisema moyoni, nimemuua mume wangu kwa maandazi ya shilingi mia mbili.

Aliacha meza bila kufunika kitu. Akamfuata fundi cherehani, akawafuata vijana wa bodaboda, akaokota mtaroni, akimwambia kila mtu andazi kula, nipe karatasi yangu. Wengine walicheka, wakidhani ugonjwa wa mzee umemhamia mama. Basi la Mombo lilikuwa limeshateremka mlima, kurasa nyingine zimo mikononi mwa abiria. Alipata kumi na tisa, zimelowa mafuta.

“Lakini mama,” Salma alisema, akizipanga juu ya kabichi, “mbona zimesahihishwa?”

Kila ukurasa ulikuwa na vema na makosa, kwa wino mwekundu. Na ukurasa wa mwisho, ule uliokuwa bado kwenye daftari, ulikuwa na maneno ya Kiswahili, herufi kubwa, na Jenoveva aliyasoma mwenyewe kwa kidole: MWANAFUNZI HODARI. HAKUANDIKA JINA. SIFURI.

Hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Kazi isiyo na jina, sifuri, hata iwe ya mtoto wa mchungaji. Jenoveva akaelewa. Mwalimu alikuwa amelichukua daftari lake mwenyewe, akalisahihisha kama la mwanafunzi, akalitia kwenye boksi kwa mkono wake. Kosa lingekuwa lake Jenoveva, angepiga magoti akaomba msamaha. Kwa hili amwombe nani?

Nyumbani alimkuta mzee barazani, amevaa koti la shule, kalamu nyekundu mfukoni.

“Nimerudi, Mwalimu.”

“Karibu, mama. Wewe ni mzazi?” Akaziona karatasi na mabaki ya daftari, akavipokea, akakunja uso. “Mafuta! Mwambie mwanao daftari si la kufungia maandazi.”

Jenoveva alilia palepale, bila kujificha.

“Usilie, mama. Mtoto ana akili, nimemsoma mwanzo mpaka mwisho. Tatizo ni jina tu. Anaitwa nani, nimwandikie?”

Alifungua kinywa, akakifunga. Miaka arobaini na minne ilikuwa imekaa juu ya ulimi wake.

“Anaitwa Fanueli,” akasema.

“Fanueli nani?”

“Fanueli Tobia.”

Akamkazia macho, akingoja. Aliungoja uso ule ugeuke, hata kidogo, hata kwa hasira. Mwalimu aliinama akaandika jina juu ya ule ukurasa wa mwisho, herufi kwa herufi, kwa mwandiko ule ule uliokuwa chini yake. Akaikata sifuri, akaweka tisini na nane.

“Jina zuri,” akasema. “Sijapata kumfundisha huyu. Mwambie aendelee.”

“Nitamwambia.”

Akampa karatasi kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni. Jenoveva akaingia ndani kubandika chai ambayo hakuna aliyeiulizia.