Kikohozi Kule Mteremkoni

Kwetu msiba hausemwi njiani. Mfiwa huletwa nyumbani kwa uongo mpole, akalala, akaambiwa alfajiri huku ndugu wamemzunguka na kumshika mikono. Ndivyo mzee Admasu, mkuu wa Mesk, alivyoniagiza kwa simu asubuhi ile: nimchukue Enanu kutoka Gobeza, huku juu, nimpeleke Mesk bondeni, nimwambie mama yake ana homa. Nimpitishe njia ya nyumbu, ya siku mbili. Maziko yangekuwa jioni hiyo hiyo.

Kazi yangu ni kupitisha watu Mteremkoni, njia ya saa sita inayoendwa kwa kushuka tu. Katikati yake kuna jabali laini ambalo watu huteremka kwa kamba ya ngozi, na hajazaliwa wa kulipanda. Enanu aliposikia homa alijifunga shuka lake kiunoni, akasema atashuka huko, nami nikitaka nyumbu niende na nyumbu wangu. Sikumbishia. Nilitaka auone uso wa mama yake.

Ukungu ulikuwa umelala kwenye genge. Tulipita shamba la mwisho la shayiri, tukashika ukingo wenye upana wa nyayo mbili, mgongo ukutani. Hapo ndipo kikohozi kilipoanza nyuma yetu. Kikavu, mara mbili, kisha kimya, kisha mara mbili. Kila mtu wa Mesk anakijua kikohozi cha Mama Zenebu, mama yake Enanu. Moshi wa jikoni ulimkaa kifuani miaka ishirini. Enanu akatabasamu. Mimi nikaongeza mwendo.

Enanu akaanza kupunguza wake. Penye chemchemi aliacha kipande cha injera, mkate wetu, juu ya jiwe, akakifunika kwa jani. Nilipomhimiza alinicheka, akaniuliza tangu lini mpitishaji akaogopa kukutwa na giza.

Tulipofika jabalini nikafunga kamba. Yeye akaketi.

"Tumsubiri mama," akasema.

"Mama yako yuko Mesk, dada."

"Wubit, usinifanye mtoto. Humsikii? Kifua kile hakiwezi kushuka peke yake. Na sisi tukishuka hatupandi tena. Nani atamrudia?"

Kikohozi kikaja tena. Karibu, kwenye kona tuliyotoka kuipita.

Jua lilikuwa limepita utosi, na makasisi hawamsubiri mtu.

"Amefariki leo alfajiri," nikamwambia. "Wanamzika jioni. Ukikaa hapa, hutamwona."

Hakulia. Aliitazama ile kona muda mrefu. Hakuna kilichokohoa tena. Kisha akashika kamba, akashuka, na palipobaki kimo cha watu wawili, akaiachia.

Alivunjika kifundo cha mguu. Nilimbeba mgongoni hadi Mesk. Kando ya kaburi walimfunua mama yake, akamgusa paji la uso, wakamfunika.

Sasa mzee Admasu anasema ningenyamaza, Enanu asingeiachia kamba. Ameniletea jiwe la mkosaji: nilibebe shingoni, niiname mbele ya wafiwa mpaka waseme basi. Enanu mwenyewe hajasema kwa nini aliiachia. Anachechemea uani kwa fimbo, na hanitazami. Nami kila nikipitisha watu, pale konani, nakisikia kikohozi.

Jiwe liko mlangoni kwangu tangu Jumapili. Kuku wanalikalia. Silibebi.