Shimo la Tano

Shimo lilipomfika kiunoni, Melkiades alisikia sururu ikibadilisha sauti. Haikugonga tena, ilizama. Akainama, akachota udongo kiganjani, akautazama, kisha akainua kichwa kuona kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na michikichi tu, na kule chini nyuma ya matete ziwa limetulia, utadhani halijawahi kumkosea mtu yeyote Rumonge.

Udongo ulikuwa wa kijivu, wenye madoadoa mekundu kama kutu ya bati kuukuu. Bwana huyu aliishi miaka kumi na minne kambini Tanzania akichimba vyoo, na kama kuna kitu alichokijua vizuri duniani, ni udongo. Udongo wa namna ile hutembelewa na maji kila mwaka. Julai hii ya kiangazi ulijifanya mkavu, lakini ungoje Machi. Kule kambini aliwahi kuchimba vyoo viwili mahali kama hapo kabla hajajua, na mvua zilipokolea, majirani walihama usiku huohuo na magodoro kichwani. Akachimba kidogo zaidi. Pembe moja ya shimo ikaanza kutoa jasho.

Shamba lilikuwa la Kadidja, mjane wa Ramazani fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Djibril. Ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni, mama huyu aliona watu wanalala madarasani, akasema yeye ana michikichi na wao hawana paa, na michikichi haihitaji paa. Akatoa shamba zima, familia hamsini na mbili zigawiwe viwanja.

Sasa, shamba la kilimo haligeuki kuwa mtaa wa nyumba kwa sababu tu mwenyewe ana roho nzuri. Kwanza ofisi inatuma mtu wa kupima: udongo ukoje, maji yako wapi, kuna miti gani na ndege gani, kipi kitaharibiwa na nyumba na kipi kitaziharibu nyumba zenyewe. Mtu huyo alikuwa Scovia, tekinisiani kutoka Bujumbura, binti mwenye buti kubwa na maneno machache. Jana yake alipigilia vigingi vitano vyenye utepe mwekundu, akamwachia Melkiades achimbe shimo la mita moja na nusu penye kila kigingi. Manne yalitoka vizuri kabisa, udongo mwekundu na mkavu. Hili la tano ndilo lilikuwa bondeni.

Na Melkiades hakuwa mchimbaji tu. Yeye, mkewe Kezia na watoto wao wanne walikuwa katika hao waliofukuzwa na ziwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wanakaa chumba cha uani kwa Mama Djibril, ambaye hakuwahi kuwadai kodi wala kuwanunia hata siku moja. Kura ya viwanja ilishapigwa. Yeye alipata namba thelathini na moja, safu za chini, na Kezia alishakuja mara mbili kukipima kwa hatua akipanga nyumba kichwani.

Basi afanye nini? Nakuuliza wewe unayesoma ukiwa umekaa pakavu.

Usidhani alikiwaza kiwanja chake kwanza. Aliuwaza uso wa yule mama. Mtu amekufungulia mlango, amekulishia watoto, leo anakupa na ardhi, halafu wewe huyohuyo umwite mgeni wa ofisi umwonyeshe ubovu wa zawadi? Kwetu mgeni akija, tundu la mkeka unalikalia wewe mwenyewe ili yeye asilione. Ndivyo alivyofanya Melkiades. Alirudisha udongo shimoni, akaukanyagakanyaga, akatandaza majani ya mchikichi juu yake. Akang'oa kigingi, akakipeleka hatua ishirini upande wa juu, na huko akachimba shimo jingine mbio mbio, jasho likimwingia machoni. Likatoka jekundu na zuri kama ndugu zake.

Scovia alifika saa nne, amepakiwa na mwenye pikipiki. Alishuka katika kila shimo na kisu chake, akakwangua ukuta, akautia udongo mate kidogo na kuuviringisha kati ya vidole, kisha akaulinganisha na kitabu chake kidogo chenye rangi za udongo, ukurasa kwa ukurasa. Alihesabu michikichi. Aliandika mivumu miwili, ile miti mikubwa ya kivuli, na viota vilivyokuwemo. Kwenye shimo la tano alikaa muda uleule aliokaa kwenye mengine, akatoka akijipangusa magoti, akasema shamba ni zuri na ataandika kwamba linafaa. Akamshukuru Melkiades kwa mashimo yaliyonyooka. Melkiades aliitikia akitazama buti zake.

Hapo ndipo Mama Djibril alipowasili, fimbo mkono mmoja, chupa ya chai mkono mwingine, na mihogo ya kuchemsha kwenye kikapu kichwani. Alipoambiwa kwamba shamba linafaa hakuruka wala hakupiga kelele. Alikaa chini kwanza, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema chai ingoje, waombe kwanza. Mama huyu haanzi kitu bila dua, na kila aliyepo huitikia, Mwislamu kwa Mkristo.

"Ee Mungu, tunakushukuru kwa udongo huu," alisema, viganja vimefunguka mapajani. "Hawa watoto yako, maji iliwatoa mu nyumba zao. Usikubali iwaingilie tena."

Scovia akasema Amina. Mwenye pikipiki akasema Amina. Melkiades ni mtu wa kanisa, anaimba hata kwaya, lakini kwa miaka mitatu hakuwahi kukosa kuitikia dua ya mama huyu. Akafungua kinywa, na neno likakataa kutoka. Alijaribu tena. Mama Djibril akamgeukia, akamuuliza taratibu kama ni tumbo.

Melkiades alisimama, akachukua beleshi, akaanza kuteremka bondeni bila kuaga. Wote watatu wakamfuata bila kuelewa. Alipofika kwenye yale majani aliyakusanya akayaweka pembeni, na ndipo akasema, mgongo amewapa:

"Madamu, kigingi cha tano kilikuwa hapa. Mimi ndiye niliyekihamisha."

Udongo uliokwisha kuchimbwa hausumbui, na hakuchukua muda kufika chini. Maji yalikuwa yamekwisha kutangulia. Yalimngoja humo, ya kijivu, yakimzunguka viatu.

Scovia alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kimya, ile mbaya zaidi. Alimwambia kwamba yeye alibakiza kidogo tu atie sahihi juu ya familia hamsini na mbili. Melkiades hakujitetea. Alisema tu kwamba aliona haya kumwonyesha mama upungufu wa zawadi yake, akachota udongo wa chini, akamnyooshea. Scovia akapiga magoti ukingoni, akapokea donge la udongo kutoka mkononi mwake, akafungua kitabu cha rangi kwenye ukurasa ambao siku hiyo ulikuwa haujafunguliwa.

Akapiga mstari daftarini. Akaeleza polepole ili mama asikie: safu za chini zitabaki kilimo, nyumba hapana. Huko juu zitaenea familia ishirini na nane. Zilizobaki ataziandikia ombi lingine, mahali pengine, na hawezi kuahidi ni lini.

Mama Djibril alikuwa ameegemea fimbo yake. Melkiades alitamani amtukane amalize.

"Baba Clever," alisema mwishowe, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama sikuzote, "namba yako wewe iko wapi?"

Melkiades hakunyanyua mkono. Alionyesha kwa kidevu, papo hapo, kuanzia chini ya fimbo ya mama hadi michikichi miwili iliyofuata.

Mama akaangalia mahali pale aliposimama. Akaangalia shimo, na mtu aliyekuwa ndani yake, matope hadi magotini. Kisha akavua kandambili zake, akaziweka pamoja vizuri kama mtu anayeingia ndani ya nyumba ya watu, akasema wamshushe. Walimkatalia wote. Mama wa miaka sabini na kitu anatafuta nini shimoni? Lakini alishanyoosha mkono, na mkono wa Mama Djibril ukishanyooshwa haurudi bure. Melkiades alichonga vidato viwili ukutani kwa beleshi, Scovia akamshika kwapani, na wakamteremsha hivyohivyo, kidogo kidogo, hadi nyayo zake zikagusa chini.

Alisogeza vidole vya miguu kwenye tope, akasikilizia baridi yake.

"Humu ningewalaza watu," akasema. "Na wangenishukuru."

Akamgeukia Melkiades.

"Asante, Baba Clever. Asante sana, mutoto wangu."

Miaka mitatu Melkiades alikuwa akiyatafuta maneno ya kumshukuru mama huyu. Aliyatafuta kanisani, aliyatafuta akimkatia kuni, na kila mara aliyaona madogo. Sasa ameshukuriwa yeye, mchana kweupe, siku aliyodanganya, na moyo ulimjaa. Alichoweza kusema ni murakoze, murakoze cane, asante, asante sana, kwa Kirundi cha mama yake mzazi. Mama Djibril akamwambia anyamaze. Chumba hakijakimbia, na wakizeekea humo humo watajuana mbele ya safari.

Melkiades akapanda ukingoni, akampa mikono yote miwili ili amtoe. Mama aliishika akaikaza, lakini hakupanda bado. Alibaki amesimama vilevile, akimtazama usoni, maji yakimpanda taratibu hadi juu ya vifundo vya miguu.